Nani Ameshika Kalamu Nyekundu?

Ndugu msomaji, kabla sijawahakiki wengine, afadhali nikuhadithie nilivyohakikiwa mimi.

Ninaandika riwaya. Nimeishia kidato cha nne, chuo sijakanyaga, na riwaya yenyewe imekaa kwenye kauntabuku nne. Inamhusu msichana wa huku kwetu Butiama ambaye anakatishwa masomo kwa sababu ya mimba. Nilipomaliza sura ya tatu nikajiona nimeshafika. Jioni moja nikawasomea akina mama waliokuwa wakipukuchua mahindi uani. Walicheka pale nilipotaka wacheke, wakaguna pale nilipotaka wagune. Moyoni nikasema, bwana we, hiki sasa ni kitabu. Nilipofunga daftari, mama mmoja mtu mzima akaniuliza:

"Mwanangu, huyo binti yako ni bubu?"

Nikamwambia hapana, si bubu.

"Mbona mwalimu kasema, baba mtu kasema, mtendaji kasema, hata mbuzi wa jirani kalia? Yeye mwenyewe hajasema."

Wenzake wakaangua kicheko, mimi nikaingia ndani na kibatari kuhesabu. Kurasa 52. Binti hajatamka sentensi hata moja. Alikuwa "akilia kwa uchungu", alikuwa "ameinamisha uso", alikuwa "kimya kama maji ya mtungi". Nilikuwa nimeandika kitabu kizima cha kumtetea mtu ambaye sikumpa hata nafasi ya kusema shikamoo.

Tangu siku hiyo kila andiko linalohusu elimu na vijana nalisoma kwa swali moja tu: aliyeandikwa humu ana haki ya kumsahihisha aliyemwandika? Shuleni sote tulijua kalamu nyekundu ni ya nani. Mwanafunzi ana ya bluu, mwalimu ana nyekundu. Mzazi hana yoyote, yeye anaitwa kwenye kikao kusikiliza michango. Sasa siku hizi kila mahali unasikia maneno "ushirikishwaji" na "sauti ya jamii". Ni maneno mazuri. Lakini mimi naona kuna njia rahisi ya kujua kama ni ya kweli au ni mapambo: tazama nani ameshika kalamu nyekundu.

Hebu tuanzie hapa nyumbani. Mimi naandikia Mwitongo, pale pale alipozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Kuna makumbusho yake, kuna mawe yale makubwa, na kuna wageni wanaoteremka kwenye magari wakiwa na kamera. Kijana wa Mwitongo hukua akisikia habari za elimu kama mtoto wa Mwigobero anavyokua akisikia harufu ya dagaa. Kwa hiyo nisamehewe nikianza na kitabu cha mwenye mji.

Elimu ya Kujitegemea ilitoka Machi 1967. Wengi tumeijua kupitia maswali ya mtihani wa uraia: taja malengo manne. Nilipokuja kuisoma yenyewe, tena kwa raha zangu bila kuogopa mtihani, nikashangaa. Kwanza, ni andiko lenye hasira ya kifasihi. Mwandishi anaichora shule ya kikoloni kama kitu kinachomchomoa mtoto kutoka kwao na kumfundisha kuwadharau waliomzaa. Anasema wazi kwamba wapo watu wazima wasiojua kusoma ambao wana hekima kubwa, na kwamba shule inafanya makosa kuidharau hekima hiyo. Pili, jambo ambalo mwalimu wetu hakulitilia mkazo, anataka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shule, pamoja na shamba lao na mapato yake. Yaani jembe na kikao vilizaliwa mapacha.

Sasa tujiulize kilichotokea kwa hao mapacha. Katika shule niliyosoma mimi, pacha mmoja alikua, mwingine alifia utotoni. Shamba lilikuwepo, tena kubwa. Kikao cha kuamua tulime nini na mahindi yaende wapi sikukiona hata siku moja. Ukichelewa namba unapewa matuta. Ukiongea darasani unapewa matuta. Kijana anamaliza shule akiamini kilimo ni adhabu. Halafu kulikuwa na sanduku la maoni, limepakwa rangi nzuri ya kijani, limefungwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao mtu ambaye nusu ya maoni yalimhusu yeye. Miaka minne sikuona likifunguliwa. Wajanja walitumbukiza maganda ya karanga.

Kwa mizani ya darasani, ile ya kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, ningesema hivi. Kimaudhui Elimu ya Kujitegemea imefaulu: imeona tatizo, na sehemu kubwa ya tatizo hilo bado tunalo. Kifani ina upungufu mmoja ambao ulikuja kutugharimu. Ndani yake anasikika mtu mmoja tu. Mwanafunzi anasemewa, mkulima anasemewa, mwalimu anaelekezwa. Najua lile ni tamko la sera, halikuwa tamthilia, na sidai liwe na wahusika. Lakini msomaji akizoea kwamba hata habari ya kushirikiana inatamkwa na mmoja kutoka juu, ni rahisi achukue jembe aache kikao. Jembe linaonekana na mkaguzi. Kikao hakionekani.

Miaka 7 baadaye habari ikasogea karibu zaidi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji wetu huu huu wa samaki, ikatoa Azimio la Musoma. Lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi lilikuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989. Azimio likalivuta mpaka 1977. Miaka 12 ikapunguzwa kwa kikao kimoja! Ukilisoma kama kijana unapata msisimko, kwa sababu ni andiko lililokataa kungoja. Wazee wa huku wanasimulia jinsi watu walivyotoka kufyatua matofali na kubeba maji ya ujenzi. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku nao wakijifunza kazi kwa masomo ya posta na redio. Lazima tuwavulie kofia.

Ila ndani ya Azimio kuna kipengele ambacho wahakiki wengi wanakipita haraka. Lilisema kijana asiende Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kwanza akafanye kazi, na aliofanya nao kazi pamoja na chama watoe maoni juu yake. Unaona? Kwa mara ya kwanza kalamu nyekundu ilikaribia mkono mwingine. Wafanyakazi wa kawaida walipewa nafasi ya kumsahihisha msomi mtarajiwa. Wazo hilo lina utamu wake, lakini lina mwiba pia, kwa kuwa anayepewa nafasi ya kutoa maoni juu yako anaweza kuwa na chuki binafsi, na wewe huna pa kujibu. Jamii ilipewa kalamu ya kumsahihisha kijana. Hakuna aliyempa kijana kalamu ya kuisahihisha jamii. Na kwa upande wa madarasa, mwananchi aliombwa tofali. Neno lake kuhusu kitakachofundishwa ndani ya tofali hizo halikuwa sehemu ya mchango.

Basi ni wapi ilipata kutokea kwamba watu wa kawaida wakaishika kalamu kweli? Kutoka hapa kwetu ukifuata lami kuelekea kaskazini unafika Sirari, ukivuka uko Kenya. Endelea mpaka Limuru, karibu na Nairobi. Huko kuna kijiji cha Kamirithu.

Kisa chenyewe kinajulikana, lakini naomba tukisome upya kama kisa cha elimu, maana ndivyo kilivyoanza. Wanakijiji walikuwa na kituo chao cha utamaduni, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kisomo cha watu wazima. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliingia pale kuwa sehemu ya kituo. Kisomo kikaleta mijadala, mijadala ikaleta haja ya mchezo, ukazaliwa mchezo wa Kikuyu unaoitwa Ngaahika Ndeenda. Waandishi walileta rasimu. Kilichofuata ndicho kinachonifanya nikose usingizi. Mazoezi yalifanyika hadharani, kila mpita njia anaona, na kila anayeona ana la kusema. Ngugi mwenyewe ameeleza baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni wa fikra, jinsi wakulima na wafanyakazi walivyowasahihisha wasomi wale: mzee huyu mbona anaongea lugha ya vijana, mzee wa umri huu hasemi hivi. Profesa wa fasihi anafundishwa mazungumzo ya wahusika na mtu aliyetoka kuchuma chai! Na akakubali. Jukwaa walilijenga wenyewe kwa mikono yao, uwanja wa wazi wa kukaa watu 2,000.

Onyesho la kwanza lilikuwa Oktoba 1977. Kabla Novemba haijaisha, serikali ilikuwa imeupiga marufuku. Mwisho wa Desemba Ngugi akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kesi karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Niambie, kulikuwa na nini cha kutisha hivyo? Ngugi alikuwa ameshaandika riwaya kali kwa Kiingereza na alikuwa anatembea huru. Petals of Blood ilitoka mwaka huo huo wa 1977, tena ikazinduliwa mbele ya wakubwa. Kilichotisha Kamirithu, kwa maoni yangu, ni kwamba wasemwao walikuwa wamejifunza kusahihisha. Mtu akishasahihisha mchezo, kesho atasahihisha bei ya pareto na mshahara wa kiwandani.

Turudi upande wetu wa ziwa. Ukipita Bunda ukaenda kusini, baada ya safari ndefu unafika Malya, wilaya ya Kwimba, ambako wengi tunakujua kwa sababu ya chuo cha michezo. Kati ya 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kufanya kazi na wanakijiji wa pale. Penina Mlama ndiye yule yule Penina Muhando tuliyemsoma shuleni, mwandishi wa Hatia na Nguzo Mama. Naomba tulikumbuke hilo, kwa sababu hapa ndipo uhakiki wangu unapokaza mkanda.

Hatia ilitoka mwaka 1972, nayo inazungumzia msichana aliyepata mimba na mzigo wa hatia unaozunguka jambo hilo. Ni tamthilia nzuri, imeandikwa na mtu mmoja, ikasomwa madarasani. Miaka 10 baadaye mwandishi huyo huyo, akiwa tayari na jina, anaacha meza yake anakwenda kukaa kijijini. Haendi na mchezo mkobani. Wanaanza kwa kuuliza watu: tatizo lenu ni lipi? Wanachambua pamoja. Na moja ya yaliyoibuka, kumbe, ni mimba za wasichana. Kisha wanatunga pamoja kwa ngoma ambazo vijana wa Kisukuma wanazijua, ikiwemo wigashe, ile inayochezwa watu wameketi. Wanaonyesha. Baada ya onyesho hawafungi pazia, wanafungua mjadala, na mjadala unahesabiwa kuwa sehemu ya sanaa yenyewe. Mlama aliandika juu ya uzoefu huo na mwingine wa Afrika katika kitabu kilichotoka 1991.

Kwa nini mtu aliyekwisha kuandika Hatia aende Malya kutafuta habari ile ile? Mimi sina barua yake, lakini najua jibu langu, maana lilinipata uani kwetu kwenye mahindi. Ukiandika peke yako juu ya msichana unaweza kuandika vizuri sana na bado ukamwacha bubu.

Hapa najua kuna msomaji wa Nyasho au wa Bunda mjini anayenisubiri kwa hamu. Atasema: wewe kijana, unaisifia jamii kama vile ni malaika. Hiyo jamii unayotaka ishike kalamu nyekundu si ndiyo hiyo hiyo inayomwoza binti wa miaka 14? Mkoani Mara si tunajua msimu wa ukeketaji unavyofika na nani anausimamia? Ni wazee, ni mangariba, ni mashangazi. Nao ni sauti ya jamii.

Hoja hiyo ni nzito na siikwepi. Wengi wanaoandika juu ya sauti ya jamii wanaandika kana kwamba jamii ni mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Ukiitisha mkutano wa kijiji ukasema "haya semeni", atasema mwenye ng'ombe wengi, halafu mwenye mvi, halafu mwenye cheo. Msichana atakuwa nyuma kabisa amebeba mtoto wa dada yake. Mkutano ukiisha, katibu anaandika: jamii imeshirikishwa. Kwa hiyo swali langu la kalamu nyekundu lazima liende hatua moja mbele. Ndani ya hiyo jamii, nani hajawahi kuishika?

Kwa maoni yangu swali hilo ndilo lililojibiwa na mradi wa Tuseme. Ulianza mwaka 1996, na nyuma yake walikuwa wale wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Lihamba na Mlama. Tazama jina lenyewe lilivyotungwa. Kusema, kwa nafsi ya kwanza wingi, kwa namna ya kujihimiza. Haikuitwa Wasemeeni wala Wasikilizeni. Wasichana wa sekondari walikaa wenyewe, wakachunguza kinachowakwamisha masomoni, wakachambua sababu, wakatunga michezo na nyimbo, ndipo wakaonyesha mbele ya walimu na wazazi. Zikaanzishwa klabu za Tuseme ili maneno yasiishe siku ya onyesho. Baadaye mbinu hiyo ikabebwa na shirika la FAWE lenye makao yake Nairobi mpaka nchi nyingine za Afrika.

Kifani, ujanja wa Tuseme uko kwenye mpangilio wa matukio. Wale wanyonge zaidi wanakaa peke yao kwanza. Wanapata chumba, wanapata muda, wanapata maneno. Wakitoka kukutana na wakubwa tayari wana mchezo mkononi, na mchezo ni kinga. Binti hawezi kusimama mbele ya mwalimu akamwambia wewe unanisumbua. Lakini mhusika kwenye mchezo anaweza kulisema hilo mbele ya shule nzima, na mwalimu yupo kwenye kiti anasikiliza, na akikasirika atakuwa amejitaja mwenyewe. Wazee wetu walijua siri hii tangu zamani, ndiyo maana vitendawili na mafumbo vipo.

Sasa linganisha na michezo tunayoletewa siku hizi. Niliwahi kuhudhuria mmoja kiwanjani, sitataja wa nani wala wa wapi. Gari limekuja na spika kubwa. Wasanii wazuri tu, wanachekesha. Mchezo unahusu vijana wavivu wasiopenda shule. Kijana mvivu anapata matatizo, anakuja mtaalamu amevaa shati jeupe, anatoa ushauri, kijana anaongoka, muziki. Tukagawiwa fulana. Halafu mshereheshaji akauliza, "Mmejifunza nini?" Watoto wakajibu kwa pamoja kama kiitikio cha kwaya. Hakuna aliyeuliza mchezo wenyewe una makosa gani. Na makosa yalikuwepo! Sisi vijana tuliokaa pale ukutani tulijua kwamba yule kijana "mvivu" kwa hali halisi anaamka saa 10 usiku kwenda kubeba ndoo za samaki, ndiyo maana anasinzia darasani. Mshikaji wangu mmoja alinong'ona, "Huyo wanamsingizia." Alinong'ona kwa sababu hapakuwa na kipengele cha kusema kwa sauti. Fulana ninayo mpaka leo, nafutia baiskeli.

Ndiyo maana nasema kiitikio si sauti. Kwaya inaweza kuimba kwa nguvu ikatikisa bati na bado wimbo ni wa mtu mmoja.

Wengine watauliza kama haya yote yana faida yoyote, au ni starehe za wasanii. Nitataja jambo moja. Kwa miaka mingi Tanzania msichana akipata mimba shuleni safari imekwisha, na mwaka 2017 msimamo huo ulitamkwa hadharani na Rais mwenyewe. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Hatia ni ya 1972. Malya ni 1982. Tuseme ni 1996. Sitadanganya kwamba tamthilia ndiyo iliyobadilisha sera. Watu wengi wa namna nyingi walipigania. Ila kwa miaka 49 kulikuwa na watu waliokataa mjadala huo ufungwe, na baadhi yao walikuwa wasichana wenye sare za shule wakiigiza kwenye bwalo. Na hata sasa, mlango kuwa wazi ni jambo moja, binti kuthubutu kupita huku darasa zima linamtazama ni jambo jingine. Hapo sera haifiki. Hapo anafika mtu anayeweza kusimulia.

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, hapa nageukia sisi. Tumezoea kujiita sauti ya wasio na sauti. Mimi nimeanza kuliogopa jina hilo. Watu wa kwetu wana sauti, tena kubwa, nenda gulioni usikie. Wanachokosa ni mtu wa kuwarudia na rasimu. Sisi tunachukua kisa cha jirani, tunakipeleka mjini, kikichapishwa jirani hakijui, na akikijua hana pa kusema "hapa umekosea".

Mkitaka mfano wa unyenyekevu, upo hapa hapa Mwitongo. Mwalimu alitafsiri Julius Caesar wa Shakespeare kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963. Alikuwa Rais, nani angemwambia imekosea? Lakini mwaka 1969 akaitoa upya ikiwa imesahihishwa, mpaka jina la kitabu likabadilika likawa Juliasi Kaizari. Kama Rais aliweza kuishika kalamu nyekundu juu ya maneno yake mwenyewe, wewe na mimi wenye kauntabuku tunaringa nini?

Nimejiwekea kanuni tatu, na ninaziweka hapa mbele yenu mzisahihishe. Kwanza, kila sura niisome kwa sauti mbele ya watu inayowahusu kabla sijaipeleka kwa mchapaji, na nikae kimya wakisema. Pili, yule anayehusika zaidi nimsikilize peke yake kwanza, kabla ya baba yake, mwalimu wake na mwenyekiti wake. Tatu, nirudi na kilichosahihishwa. Hii ya tatu ndiyo ngumu. Watu wetu wameulizwa maswali mengi na wageni wenye makaratasi, na hawajawahi kurudishiwa karatasi hata moja.

Kanuni ya pili nimeshaijaribu. Kuna dada mmoja hapa jirani aliyewahi kuacha shule kama binti wa riwaya yangu. Nilimwomba ruhusa, akakubali, nikamsomea ile sehemu ambapo binti anarudishwa nyumbani. Nilikuwa nimeandika machozi aya mbili nzima, nikayapamba kwa tashbiha za mvua za masika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema:

"Mimi sikulia siku ile. Nilikuwa nawaza daftari langu la hesabu nililoacha kwenye dawati. Lilikuwa jipya. Nikawaza nani atalichukua."

Basi. Hakusema zaidi, na sikuuliza. Nikampa kalamu, nikamwambia afute pale asipopataka. Alifuta aya zote mbili, taratibu, kwa mstari mmoja mmoja ulionyooka, kama mtu anayejua kutumia rula. Kisha akaniuliza kama anaweza kuandika pembeni.

Kwa hiyo sura ya tatu sasa ina miandiko miwili. Binti ameanza kusema. Na kusema kweli, Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu.